Kuchagua vipodozi vya kumpambia bibi harusi: ushauri kwa wanaoanza kazi

Anayeanza kazi ya kupamba maharusi huwa na haraka ya kujaza begi. Huingia Kariakoo na akiba yake yote, akatoka na paleti kubwa ya rangi za macho zinazong'aa, lipstiki za kila aina, na chupa mbili za faundesheni alizochagua kwa kujipaka tone mgongoni mwa kiganja. Hapo matumizi yamekaa kichwa chini miguu juu. Fedha nyingi ziende kwenye vitu vinavyofunika uso mzima na kukaa hapo tangu asubuhi hadi usiku wa manane, yaani praima ya kutanguliza chini, faundesheni, konsila ya kufunika madoa na poda. Rangi ya macho ya bei ya kawaida, ikipakwa na mkono wenye ujuzi, haina shida. Faundesheni isiyolingana na ngozi huonekana katika kila ukurasa wa albamu.

Kiganja si mahali pa kujaribia faundesheni, kwa kuwa rangi yake hailingani na ya uso wala ya shingo. Chora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kuanzia kwenye taya kushuka shingoni, kisha mtoe mteja mlangoni penye mwanga wa jua, usimhukumie chini ya taa ya duka. Subiri kama robo saa, maana faundesheni nyingi hukolea zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi. Mstari unaopotea kwenye ngozi ndio wake. Kumbuka pia kwamba wanawake wawili wenye weusi uleule wanaweza kutofautiana kabisa kwa rangi iliyojificha chini ya ngozi: mmoja ana wekundu, mwingine ana umanjano. Ndiyo sababu baadhi ya kampuni huweka herufi kando ya namba, kwa mfano MAC, ambao NC yao huelekea kwa ngozi zenye umanjano na NW kwa zenye wekundu.

Ukiona uso wa mteja mweusi umegeuka majivu, usikimbilie chupa iliyokoza zaidi. Mara nyingi tatizo ni kwamba rangi hiyo imetengenezwa kwa kiasi kikubwa cha unga mweupe, hasa titani dioksidi, na kinachohitajika ni rangi ya kuichangamsha ngozi kwa chini, yaani konsila ya rangi ya chungwa iliyokoza chini ya macho na pembeni mwa midomo kabla ya faundesheni yenyewe. Fenty Beauty walipoingia sokoni mwaka 2017 na rangi 40 kwa mpigo, kampuni nyingine zililazimika kupanua upande wa rangi za kukoza, kwa hiyo siku hizi hakuna sababu ya kumlazimisha mteja rangi isiyo yake. Hata hivyo huhitaji kununua zote 40. Chupa tano au sita za aina moja, kuanzia nyeupe zaidi hadi nyeusi zaidi, ukizichanganya kwenye kisahani cha chuma, zitakutosha kwa wateja wengi utakaowapata.

Halafu kuna kamera. Poda nyeupe laini zenye silika, pamoja na losheni za kukinga jua zenye zinki oksidi au titani dioksidi, hurudisha mwanga wa flashi, na bibi harusi aliyekuwa mrembo kwenye kioo hutokea pichani kama aliyetoka mashine ya kusaga unga. Kabla ya kununua poda ya kumalizia, ipake shavu moja, ingia mahali penye giza, kisha piga picha kwa flashi ya simu ukilinganisha mashavu yote mawili. Binafsi napendelea poda yenye umanjano au ukahawia, hata pale muuzaji anapoapa kwamba ile isiyo na rangi inamfaa kila mtu.

Joto la pwani lina hesabu yake. Bibi harusi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hupambwa asubuhi, akafunga ndoa mchana, akapigwa picha ufukweni jioni na kucheza ukumbini hadi usiku, huku akilia na kukumbatiwa na mashangazi njiani. Maskara na wanja viwe visivyoyeyuka kwa maji. Soma viambato vya praima na vya faundesheni kwa pamoja: majina yanayoishia na "cone" au "siloxane" yakitangulia katika orodha, bidhaa hiyo imejengwa juu ya silikoni. Praima ya silikoni chini ya faundesheni ya maji mara nyingi husababisha vipakwa viachane, vikijiviringisha vijipunje vidogo pembeni mwa pua, na hakuna poda itakayoficha hali hiyo. Kwa upande mwingine, faundesheni kavu inayosifiwa Dar hupasuka usoni Njombe au Arusha mwezi Julai. Huko tanguliza losheni nzito na upunguze poda.

Kuhusu usalama, usiwe na aibu ya kukataa. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, viambato vya kung'arisha ngozi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Chupa isiyo na orodha ya viambato wala namba ya toleo isiingie begini mwako. Mteja anayetaka kung'arishwa ngozi kabla ya harusi mweleze waziwazi kwamba krimu hizo huiacha ngozi laini kupita kiasi, na ngozi hiyo haishiki faundesheni. Ukiwa pwani, ambako hina ni sehemu ya harusi, tahadhari na piko nyeusi: nyingi huwa na kemikali ya dawa za kukolezea nywele, PPD, inayoweza kutoa malengelenge. Ijaribu sehemu ndogo ya ngozi siku mbili kabla, na gundi ya kope uijaribu vivyo hivyo nyuma ya sikio.

Mchoro wa kijikopo kilicho wazi wenye maandishi kama 12M huonyesha miezi ya kutumia bidhaa tangu ilipofunguliwa, kwa hiyo andika tarehe ya kufungua chini ya kila chupa. Maskara ibadilishwe mapema zaidi, na vibrashi vyake viwe vya kutupa.

Siku ya majaribio, wiki kadhaa kabla ya harusi, andika kila namba uliyotumia na uwiano wa mchanganyiko, pamoja na rangi ya gauni. Mabega yakiwa wazi, jaribu faundesheni hadi kifuani. Siku yenyewe mwachie msimamizi wake karatasi za kunyonya mafuta, poda kidogo na lipstiki ileile iliyokatwa kwa kisu safi na kuwekwa kwenye kijikopo, kwa sababu baada ya keki na kuku wewe utakuwa umeshaondoka.