Vepu na weupe wa meno: maswali yenu wiki hii

Tangu niandike kuhusu ugoro, ujumbe mwingi ninaopokea ni wa vepu, yaani sigara za kielektroniki, na karibu wote unauliza rangi ya meno. Nimechagua baadhi.

Dokta, navuta vepu mwaka wa pili sasa, sigara sijawahi kugusa. Wanasema vepu haina lami. Mbona meno yanageuka njano? (Mwanafunzi wa chuo, Ng'ambo)

Ni kweli haina lami, ule unato mweusi wa moshi wa tumbaku, na lami ndiyo inayompaka mvuta sigara ule ukahawia mzito. Lakini nikotini imo, mdogo wangu. Nikotini safi haina rangi. Ikikutana na hewa inageuka njano, halafu kahawia. Angalia kichupa cha maji ya vepu kilichofunguliwa kikakaa wiki kadhaa: ulikinunua kikiwa cheupe, sasa kina rangi ya strungi. Angalia na pamba iliyo ndani ya kifaa chenyewe. Imekuwa nyeusi na inanata, kwa sababu ya ladha na sukari bandia zilizoungulia humo. Mvuke unaopita kwenye pamba hiyo ndio unaopita kwenye meno yako.

Hata hivyo rangi ndiyo hasara ndogo hapo. Maji ya vepu hutengenezwa kwa propilini glaikoli na gliserini, na hiyo propilini glaikoli inavuta maji popote inapoyakuta. Mdomoni inakuta mate. Mate ndiyo yanayosuuza mabaki ya chakula, yanapoza asidi na kulirudishia jino madini yake. Mdomo ukikauka, utando unaganda juu ya meno, unashika rangi ya chai na kahawa, na jino linaanza kuoza pale shingoni, karibu na fizi, mahali ambapo wewe kwenye kioo hupaoni. Vijana wengi mnaongeza kosa juu ya kosa: koo limekauka kwa vepu, mnalishushia soda au kinywaji cha kuongeza nguvu. Ni asidi juu ya jino lisilo na mate. Kunywa maji, na punguza vepu mpaka uiache.

Rafiki yangu amenitumia utafiti unaosema mvuke wa vepu hauchafui meno kama sigara. Kwa hiyo mnatutisha bure? (Kanyenye)

Mwaka 2018 wanasayansi wa British American Tobacco, kampuni ya sigara, walichapisha matokeo ya namna hiyo. Walipitisha moshi na mvuke kwenye vipande vya meno ya ng'ombe maabara, wakapima rangi. Kwamba sigara inachafua zaidi, sibishi. Lakini kipande cha jino mezani hakina mate ya kukauka wala fizi ya kuugua, na chai hakinywi. Siku nyingine, kabla ya kusambaza utafiti, soma kwanza ni nani ameuandika.

Mkaa wa kusaga na limao vinang'arisha meno? (Cheyo, Isevya, Kiloleni na wengine)

Nimelijibu swali hili hapa mara nyingi mno na bado linakuja. Hapana. Limao ni asidi, linalainisha tabaka gumu la nje la jino; mkaa ni kama mchanga, unalikwangua likiwa limelainika. Wiki ya kwanza unaona weupe kwa sababu madoa ya juu yametoka. Unachokwangua baada ya hapo ni jino lenyewe, na tabaka hilo likiisha halioti tena. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ni ya njano. Kwa hiyo unasugua ili meno yawe meupe, yanazidi kuwa ya njano, unaongeza kusugua. Halafu maji ya baridi yanaanza kuuma ndipo mnakuja kwa daktari.

Wapo pia wanaosugulia magadi ya kuivishia maharage, na mmoja ameniuliza kuhusu jiki. Jiki, jamani! Inaunguza fizi na koo. Usiweke mdomoni kitu unachofulia nguo.

Vepu isiyo na nikotini je? (Kipalapala)

Ukavu uko palepale na sukari bandia iko palepale. Na maandishi ya kwenye boksi si kipimo cha maabara.

Nilikuwa nikipiga mswaki natoka damu kwenye fizi. Nimeanza vepu, damu imekata. Nimepona? (Baba wa watoto watatu, Nzega)

Kaka yangu, swali lako ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu. Fizi inayougua kawaida huvimba, inakuwa nyekundu na kutoa damu. Hiyo ndiyo namna yake ya kukuambia kuna tatizo. Wewe umeinyamazisha. Ugonjwa unaendelea kimyakimya, unakula mfupa unaoshika meno, na siku meno yatakapoanza kulegea utashangaa yametoka wapi hayo wakati hata damu ulikuwa hutoki. Ninaona meno meupe kabisa, mazuri kwa macho, yanacheza kwenye kidole. Nenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu wa Tabora, au hospitali ya wilaya iliyo karibu, fizi zipimwe na ugaga, ule utando uliogandia meno ukawa mgumu, uondolewe. Usisubiri maumivu, maana ugonjwa wa fizi unaweza kufika mbali sana bila kuuma.

Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima wa tumbaku. Kijana wangu wa kidato cha tatu nimemkuta na kitu kama flashi, kinanukia embe. Anasema ni mvuke wa matunda, si tumbaku. Kina madhara kwa meno? (Urambo)

Marahaba. Mzee wangu, kijana wako amezaliwa kwenye tumbaku, asikudanganye. Nikotini nyingi iliyo kwenye vepu hukamuliwa kutoka kwenye jani hilohilo mnalovuna. Unajua mikono inavyokuwa wakati wa kuchuma: ule ulimbo mweusi unaong'ang'ania vidoleni, sabuni haiutoi. Unajua pia mchumaji anayeingia shambani majani yakiwa na umande anavyorudi na kizunguzungu na kutapika. Ile ni sumu ya nikotini, imepita kwenye ngozi tu. Mwanao anaivuta ndani, na harufu ya embe imewekwa ili asiisikie ukali wake.

Geuza kifaa usome. Kikiandikwa 5%, maana yake ni miligramu 50 za nikotini katika kila mililita. Uingereza kisheria hawaruhusu kuzidi 20. Wenzetu Uganda walipiga marufuku biashara ya vifaa hivi kwa sheria ya mwaka 2015, na natamani sisi tufuate. Meno yatapata yale niliyoyaeleza juu, ila akili ya mtoto wa umri huo inanasa kwenye nikotini upesi kuliko ya mtu mzima. Usimpige. Kaa naye, mwonyeshe mikono yako msimu wa kuchuma, na mpeleke apimwe meno.

Mimi nimekulia Singida, sivuti chochote, ila meno yangu yana madoa ya kahawia. Watu wananiita mvutaji. (Dada, Igunga)

Pole dada. Hayo ni ya madini ya floridi yaliyozidi kwenye maji uliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanajijenga. Doa liko ndani ya jino, mswaki haulifikii. Usijikwangue. Daktari ana njia za kulififisha au kulifunika.

Nina harusi mwezi wa nane. Jeli za kung'arisha zinazouzwa mtandaoni zinafaa? (Bibi harusi, Tabora mjini)

Hongera. Zile za kweli zina peroksaidi, kemikali inayong'arisha jino, na peroksaidi kali isiyopimwa inaunguza fizi. Anza kwa kusafishwa ugaga hospitali. Wengi wakimaliza hapo hawahitaji kingine. Ukitaka kung'arisha, fanya chini ya daktari, na kama unavuta vepu acha kwanza, la sivyo rangi inarudi. Kama una jino la mbele lililozibwa, mwambie mapema, kwa sababu zibo halibadiliki rangi: meno mengine yatakuwa meupe, lenyewe litabaki lilivyo, na litaonekana kwenye kila picha.