Shangazi, tunadeti au tumechumbiana?

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina miaka 26, kuna kaka tumekuwa tunachati kama miezi minne hivi na wikendi tunatoka. Juzi nikamtambulisha kwa rafiki yangu kama mchumba wangu, akanuna njia nzima, eti sisi tunadeti tu na kudeti sio uchumba. Mama nae nikimwambia tunadeti anauliza hicho ni kitu gani, enzi zake mtu ana mchumba au hana. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote watatu mko sahihi, kila mtu na kamusi yake. Kwa mama yako mchumba ni aliyeshaposa na wazee wanamjua. Wewe unamaanisha mpenzi uliyemweka moyoni. Hilo neno siku hizi limeshuka bei, hata wa wiki mbili anaitwa mchumba.

Sasa hilo la kudeti ndo tamu. Zamani Marekani kijana hakuwa anamtoa binti, alikuwa anaenda kwao, anakaa sebuleni, mama mtu yuko hapo hapo karibu anasikiliza, na wa kukaribisha ni upande wa binti sio yeye. Date ilikuwa tarehe tu ya kwenye kalenda. Mwaka 1896 George Ade, mwandishi wa gazeti huko Chicago, akamwandika karani mmoja analalamika kwa msichana wake kwamba kuna jamaa anamjazia tarehe zake zote, yaani siku zake zimeshachukuliwa na mwingine! Unaona, neno limeanza na wivu. Baadae vijana wa mjini wakazoea kukutana nje, kwenye dansi na sinema, na nje kunataka hela, basi mwenye hela ndo akawa mwenye kualika, sebule ya mama ikapoteza nguvu hivi hivi (na ule ugomvi wa nani alipe bili chanzo chake hapo hapo, ila tuuache leo).

Na miaka ya 1920 na 1930 kudeti kulikuwa ni kutoka na watu tofauti tofauti, binti anayealikwa na wengi ndo anaonekana wa maana. Kung'ang'ana na mmoja kulishika kasi baada ya vita kuu ya pili, na wazazi badala ya kufurahi wakalalamika watoto wanajifunga mapema. Kwa hiyo huyo kaka akisema kudeti sio ahadi hajakosea, ingawa kununa kwake njia nzima hakujanifurahisha kabisa.

Hata kujinadi kwenye programu za simu sio jipya, 1695 London kuna bwana wa miaka kama 30 alitangaza gazetini anatafuta binti mwenye mali ya pauni 3,000 hivi. Angalau alisema anachotaka.

Wewe usibishane nae kuhusu neno. Muulize tu, ukiwa unadeti na mimi, kuna mwingine unadeti nae? Akianza kuzunguka zunguka jibu umeshalipata.

Mama mwambie bado mnajuana, ataelewa. Ila usije ukachukua Kiingereza cha riwaya za miaka ya 1800 mwanzoni, ambako kufanya mapenzi ilikuwa ni kubembelezana kwa maneno tu, ukamwambia hivyo mama yako kwa Kiswahili cha leo.