Mwanangu hasemi: nipokee tableti ya kuzungumza?

SWALI: Mtoto wangu wa miaka 7 ana mtindio wa ubongo. Anaelewa yote, Kiswahili na Mashi, lakini maneno hayatoki na mikono inakakamaa. Shemeji yangu aliye Ubelgiji anataka kututumia tableti inayosema. Jirani ananionya kwamba ikimsemea, hatasema kamwe. Nifanye nini?
Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, ipokee. Hofu ya jirani ni ya siku nyingi, na imeshachunguzwa. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu watu waliopewa njia nyingine za kuwasiliana. Kati ya watu 27 waliofuatiliwa vizuri, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi, na wengi waliongeza, japo kidogo.

Ila usisubiri mzigo ufike. Leo chukua katoni, uibandike mistari 3 ya picha. Wazazi wengi huweka maji, chakula na choo, wakaishia hapo. Nakuomba sana uweke pia "sitaki", "bado", "naumwa", "njoo tucheze", "nina jambo la kusema". Mtoto wa umri huo ana haki ya kukataa ugali na kumshtaki kaka yake.

Kwa kuwa vidole havimtii, usimlazimishe kugusa. Pitisha kidole chako mstari kwa mstari: "Ni huu?" Akitazama juu, ni ndiyo, kisha picha moja moja ndani ya mstari huo. Hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kusogea, maana jibu lake huchelewa njiani. Kompyuta ya Stephen Hawking, mwanasayansi Mwingereza aliyepooza, ilifuata njia hiyohiyo: alama inatembea kwenye skrini, naye anaisimamisha kwa msuli wa shavu. Na wewe unapoongea naye, onyesha picha hizohizo, aone zinavyotumiwa.

Shemeji atafute programu inayofanya kazi bila intaneti, inayokubali kurekodiwa sauti na kuendeshwa kwa kitufe kimoja. Aanze kwa kuijaribu Cboard, ni ya bure. Picha za ARASAAC, za serikali ya Aragón huko Hispania, nazo ni bure kuchapisha. Sauti ya mashine msiitegemee sana, hasa kwa Mashi. Mtoto wa rika lake arekodi maneno kama mnavyoyasema nyumbani.

Umeme ukikatika, katoni ndiyo itaendelea na kazi. Kwa hiyo kila picha ikae mahali palepale kwenye katoni na kwenye tableti, macho yake yasianze kutafuta upya.