Vidonge vya damu nilivyomezea chai

Mwaka jana nilipima wekundu wa damu nikakutwa na 8.6. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Kumbe ndiyo maana ngazi za ghorofa moja nilikuwa nazipanda kwa vituo. Nikapewa vidonge vya madini chuma, nikameza mwezi mzima bila kuruka hata siku moja. Kurudi kupima: 8.8.

Nilishajiandaa kugomba kwamba dawa ni feki. Muuguzi akaniuliza, "Dada, unamezea nini?"

"Chai." Tena ya rangi, iliyokolea haswa, maana kile kidonge kina ladha ya msumari.

Akacheka, akavuta kiti.

Chuma hufyonzwa hasa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Majani ya chai yana tanini, nayo hukishika chuma humo humo kabla hakijavuka, basi vyote viwili vinaishia chooni. Maziwa nayo hukizuia. Kilichofanikiwa kuvuka hakizururi kwenye damu peke yake. Kuna protini inaitwa transferini, mimi naiita bodaboda ya mshikaki kwa sababu inapakia chembe mbili za chuma kwa mpigo, ikizipeleka hasa kwenye uboho wa mifupa, kiwanda cha seli nyekundu. Seli hizo huishi siku 120 hivi. Zikifa, chuma chake hurudishwa kiwandani. Mwili una ubahili mzuri sana. Ila damu ikitoka nje, chuma kimekwenda nayo, na mimi hedhi yangu ilikuwa nzito kwa miaka.

Basi nikahamishia kidonge saa nne asubuhi, kwa maji na chungwa, kwani vitamini C hukisaidia kuvuka. Chai ikae mbali saa moja au mbili. Kikikuchafua tumbo, kula kidogo kwanza. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Kikiwa cha kunata kama lami, hapo wahi hospitali. Usijinunulie bila kupima, na vidonge vifiche mbali na watoto, vinaua.

Baada ya wiki nne nilikuta 10.4. Nikataka kuacha, muuguzi akakataa: damu ikishatimia, endelea kama miezi mitatu ili akiba ya kwenye ini nayo ijae.

Chai sijaacha. Imehamia saa kumi jioni, na vitumbua vyake.