Kihifadhi skrini cha michoro ya hisabati: kanuni ni rahisi, kazi iko kwenye muda

Kihifadhi skrini kinachochora maumbo ya hisabati ni programu ndogo: kanuni mbili, kitanzi kimoja, mistari mia hivi ya kodi. Wengi hukimaliza jioni moja, wakakitazama dakika tano, wakaona kimekamilika. Lakini programu hii huwaka pale mtu anapoondoka, na inaweza kuendelea usiku kucha. Kasoro zake karibu zote hutokea saa nyingi baada ya wewe kuacha kuitazama.

Umbo zuri la kuanzia ni lile linalobeba jina la Mfaransa Jules Antoine Lissajous, aliyelichunguza mwaka 1857, ingawa Mmarekani Nathaniel Bowditch alikwisha kulishughulikia mwaka 1815. Kanuni zake ni hizi:

x = A · sin(a·t + d)
y = B · sin(b·t)

A na B ni ukubwa wa umbo, t ni namba inayoitembeza kalamu kwenye umbo, na d ni pembe ya kuanzia. Chukua asilimia 45 ya upana na ya urefu wa skrini, ukihesabu kutoka katikati. Uzuri wote uko kwenye a na b. Ziwe namba nzima zisizo na kigawo cha shirika zaidi ya 1: 3 na 2, 5 na 4, 7 na 5. Ukiweka 4 na 2 utapata umbo lile lile la 2 na 1, umelichora mara mbili tu. Ukiweka uwiano usioweza kuandikwa kwa namba nzima mbili, kama √2 kwa 1, mstari haufungi kamwe, na hatimaye skrini nzima hujaa wino hadi umbo lipotee.

Mwendo unatoka kwenye d. Iongeze radiani 0.1 kwa sekunde (radiani ni kipimo cha pembe; mzunguko mzima ni 2π), na umbo litageuka polepole kama kitu cha waya kinachozungushwa mkononi, d ikikamilisha mzunguko wake baada ya sekunde 63 hivi. Kuna nyakati mstari hujilalia wenyewe na umbo likaonekana kama uzi mmoja ulio wazi miisho yote miwili. Hiyo si hitilafu, na kwa macho yangu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Usiongeze kasi ili kuiruka.

Kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazofuatana kwenye skrini, chora umbo zima, t ikitoka 0 hadi 2π. Idadi ya nukta inayotosha ni 200 mara ile kubwa kati ya a na b: nukta 600 kwa 3 na 2, nukta 1,800 kwa 9 na 8. Ukipunguza sana, kona kali huonekana zimevunjika vipande vilivyonyooka. Usisahau kuunganisha nukta ya mwisho na ya kwanza, la sivyo kutabaki mwanya mdogo.

Sasa muda. Kosa la kwanza ni kuongeza d kiasi kile kile kwa kila fremu. Skrini ya fremu 60 kwa sekunde itaonyesha mwendo uliokusudia, na ya 144 itakimbia zaidi ya mara mbili. Pima sekunde zilizopita tangu fremu iliyotangulia, kisha zidisha kwa kasi. Kipimo hicho nacho kiwekee ukomo wa sekunde 0.1, kwa sababu bila ukomo huo, kompyuta ikilala kwa muda wa saa tatu ikaamka, umbo litaruka ghafla.

Kosa la pili halionekani hadi kesho yake. Ukipeleka muda kwenye kadi ya michoro kama namba ya desimali ya biti 32, usahihi wake hupungua kadiri namba inavyokua. Ikifika sekunde 65,536, yaani saa 18 na dakika 12 hivi, hatua ndogo kabisa inayoweza kuhifadhiwa ni 1/128 ya sekunde. Fremu moja ni 1/60. Kwa hiyo fremu nyingine husogea hatua mbili, nyingine tatu, na mwendo uliokuwa laini huanza kukwaruza. Dawa yake ni kuhifadhi d yenyewe, na kila inapopita 2π uitoe 2π. Usikate muda badala ya d: muda ukikatwa kwenye 2π kisha ukazidishwa kwa 0.1, umbo linaruka kila unapokatwa.

Halafu kuna mchirizi unaofifia. Njia maarufu ni kufunika skrini kila fremu kwa mstatili mweusi wenye uzito wa asilimia 5, ili fremu za zamani zizame zenyewe. Inavutia, ila haifiki kwenye weusi. Rangi huhifadhiwa kwa namba nzima kutoka 0 hadi 255. Rangi ya 9 ikipunguzwa asilimia 5 ni 8.55, na ikikadiriwa inarudi 9. Hapo hukwama, na baada ya saa moja skrini imejaa kivuli cha kijivu. Ni heri ufute skrini kabisa kila fremu, uhifadhi thamani 40 za mwisho za d, na uchore maumbo yake kuanzia la zamani lililo hafifu hadi jipya linalong'aa.

Kivuli cha namna hiyo kinakwenda kinyume na kazi yenyewe, ambayo asili yake ni kuzuia skrini isiungue kwa picha isiyohama. Skrini za zamani za mirija ziliungua hivyo, na za OLED za leo nazo huchakaa bila usawa. Na hapa saini, ile sin ya kwenye kanuni, ina hila: kitu kinachoendeshwa nayo hupunguza kasi karibu na kingo, kiasi kwamba asilimia 29 hivi ya muda wake hupita kwenye sehemu ya kumi ya nje. Kingo za umbo hupata mwanga mwingi kuliko katikati. Kwa hiyo A na B nazo zipande na kushuka polepole, kati ya asilimia 30 na 45, kwa mizunguko ya dakika isiyolingana, tuseme 7 na 11.

Kwenye Windows, faili la .scr ni programu ya kawaida iliyobadilishwa kiambishi. Mfumo huiita na /s kuonyesha, /c kufungua mipangilio, na /p pamoja na namba ya dirisha kwa onyesho dogo. Ukiipuuza /p, mtu akifungua tu ukurasa wa mipangilio skrini yake nzima inafunikwa. Tena, ujumbe wa kipanya kusogea unaweza kufika dirisha linapofunguka hata kama hakuna aliyekigusa. Kumbuka mahali kilipokuwa mwanzoni, na ufunge programu kikisogea zaidi ya pikseli 10.

Kujaribu, usisubiri siku nzima. Anzisha saa ya programu kwenye sekunde 65,000, iache dakika kumi na tano uone kama mwendo unakwaruza, kisha piga picha ya skrini na uongeze mwangaza wake hadi mwisho. Kama kuna kivuli, kitaonekana hapo.