Maswali ya Wasomaji: Mchezaji Anapojitangaza, Wenzake Hufanya Nini?

SWALI: Ndugu mwandishi, shikamoo. Ninafundisha timu ya vijana wasiozidi miaka 17 hapa Mtwara Mjini. Vijana wangu hutazama mpira wa Ulaya katika kibanda umiza, na huko ndiko walikopata habari za Jake Daniels, yule kijana wa Blackpool ya Uingereza aliyesema hadharani kwamba anavutiwa na wanaume wenzake. Mabishano hayaishi, na mbaya zaidi wamemgeuzia kibao mwenzao mmoja, winga mpole asiyependa makelele, ambaye sasa wanamwita Daniels. Hawataki kunywa maji kwa kikombe alichokitumia. Wazazi wawili wamenifuata wakitaka nimwondoe kikosini asije akawaharibu wengine. Je, huko Ulaya wachezaji wa namna hii walipokewaje, na mimi nifanye nini? (Mwalimu wa timu ya vijana, Chikongola)

JIBU: Marahaba, mwalimu wangu. Niruhusu nianze na huyo winga wako, kwa sababu yeye ndiye anayeumia leo. Kwa maelezo yako mwenyewe, hakuna jambo alilolitangaza, wala hakuna aliyemkuta na lolote. Kosa lake ni upole. Ukimwondoa kikosini kwa sababu ya maneno ya kibandani, utakuwa umeyatia muhuri maneno hayo, na mtaa mzima utasema kwamba mwalimu naye anajua kitu.

Kuhusu Ulaya, usikubali kuambiwa kwamba huko watu hawa hupigiwa makofi tu, wala usikubali kuambiwa kwamba huzomewa tu. Mchezaji wa kwanza wa kulipwa Uingereza kujitangaza akiwa bado anacheza alikuwa Justin Fashanu, mwaka 1990. Baba yake alikuwa Mnigeria, na mwaka 1981 Nottingham Forest walimnunua kwa pauni milioni 1, kiasi ambacho hakuna mchezaji mweusi nchini humo aliyekuwa amewahi kununuliwa nacho. Watu wengi wanaamini kwamba alivunjwa moyo na mashabiki. Walimtukana kweli, lakini aliyetangulia kumuumiza ni kocha wake, Brian Clough, ambaye baada ya kusikia kwamba Fashanu anakwenda katika klabu za usiku za mashoga alimzuia kufanya mazoezi na wenzake, na Fashanu alipofika uwanjani kocha huyo akaita polisi wamtoe. Hayo yalitokea miaka mingi kabla hajajitangaza. Alipokuja kusema mwenyewe, mdogo wake John, ambaye naye alikuwa mshambuliaji mashuhuri, alimkana gazetini. Katikati ya hayo ilikuwapo klabu ndogo ya Torquay United iliyompokea, akacheza hapo na baadaye akawa msaidizi wa kocha. Mwaka 1998, baada ya kutuhumiwa huko Marekani kumdhalilisha kijana kingono, tuhuma aliyoikana katika barua aliyoiacha, alijiua mjini London akiwa na umri wa miaka 37.

Sasa mweke kando yake huyo Daniels. Alijitangaza Mei 2022 akiwa na miaka 17, umri wa vijana wako, na tangu Fashanu hapakuwa na mwanasoka wa kiume wa kulipwa Uingereza aliyefanya hivyo akiwa bado anacheza. Kabla ya kusema kwenye televisheni alikuwa ameshamwambia mama yake na dada yake, na yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja baada ya kuwaambia alicheza dhidi ya Accrington akafunga mabao 4. Klabu yake ikasimama naye, wenzake kikosini wakampokea vizuri, na nahodha wa timu ya taifa, Harry Kane, akamwunga mkono hadharani. Ukinisoma kwa makini utaona kwamba wengi niliowataja hadi sasa ni mama, dada, ndugu, kocha na nahodha. Jukwaa la mashabiki huja baadaye, na mara nyingi hufuata ishara ya hao walio karibu. Sisemi kwamba jukwaa halina uzito, maana Josh Cavallo, aliyejitangaza Oktoba 2021 akiwa mchezaji wa Adelaide United ya Australia, alitukanwa na mashabiki wa timu pinzani miezi michache tu baadaye, na amesema kwamba hutumiwa vitisho vya kuuawa.

Afrika pia ilikuwamo katika wiki ileile ya Daniels. Idrissa Gana Gueye wa Senegal hakucheza mechi ya PSG, klabu yake ya wakati huo huko Ufaransa, dhidi ya Montpellier, ambayo wachezaji walivaa jezi zenye namba za rangi za upinde wa mvua, alama ya kuwaunga mkono mashoga, na aliyekuwa Rais wa nchi yake wakati huo, Macky Sall, akasema hadharani kwamba imani ya dini ya mchezaji huyo iheshimiwe. Nadhani mabishano ya vijana wako yamechukua mengi kutoka hapo. Hata hivyo kukataa kuvaa jezi ni jambo moja, na kukataa kunywa maji kwa kikombe cha mwenzako ni jambo jingine kabisa, na ni vyema uwaeleze tofauti hiyo kwa upole.

Nisikufiche kuhusu kwetu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaharamisha tendo la ngono baina ya wanaume, na adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo kijana wa Mtwara akipakaziwa jambo hili, anapakaziwa jinai, na hawezi kujitetea mbele ya watu kama anavyoweza kijana wa Blackpool. Sheria huadhibu tendo lililothibitishwa mahakamani, haiadhibu utulivu wa mtu. Dini zetu nazo zinakemea usengenyaji na ushahidi wa uongo kwa ukali, na wazazi waliokujia wanalijua hilo. Mimi binafsi ninaamini kwamba mtu hapotezi nafasi yake uwanjani kwa sababu ya anayevutiwa naye, na ninajua wasomaji wengi hawakubaliani nami. Lakini hata asiyekubaliana hana ruhusa ya kumchafua mtoto wa mwenzake.

Basi kesho mazoezini, maji yakiletwa, anza wewe kunywa kwa kikombe hicho mara tu winga wako akishakinywea, mbele ya wote, bila hotuba. Mwite nahodha pembeni umwambie kwamba jina hilo la utani limekwisha, na kwamba atakayelirudia atakaa benchi. Winga mwenyewe usimhoji. Mwambie tu kwamba namba yake haijaguswa. Wazazi wale uwaone majumbani kwao, si pembeni mwa uwanja ambako kila mtu anasikiliza, uwaulize mtoto huyo amemfanyia nini mtoto wao.

SWALI: Kwa nini wajitangaze? Si wacheze mpira na mambo yao yabaki chumbani? (Msomaji, Ruangwa)

JIBU: Wengi wao wamefanya hivyo unavyotaka, na wamelipa gharama yake. Thomas Hitzlsperger, aliyeichezea Ujerumani mechi 52, alisubiri hadi alipostaafu, akasema Januari 2014. Robbie Rogers wa Marekani alijitangaza na kustaafu siku moja, Februari 2013, akiwa na miaka 25 tu, kwa sababu hakuona namna ya kurudi katika chumba cha kubadilishia nguo. Miezi michache baadaye alirudi uwanjani na LA Galaxy. Wengine hawakuchagua. Billie Jean King, bingwa wa tenisi, alianikwa mwaka 1981 kwa kesi iliyofunguliwa na mtu aliyekuwa katibu wake, na wadhamini wakamkimbia kwa kasi ya ajabu. Anayenyamaza huishi akihofia kuanikwa namna hiyo, ndiyo maana wengine huona heri waseme wenyewe.

SWALI: Binti yangu ana miaka 16, anacheza mpira wa miguu shuleni na nywele zake anazikata fupi kwa sababu ya jasho. Majirani wanasema wanawake wacheza mpira ni wasagaji. Baba yake mdogo ametaka aachishwe, na kijana mmoja wa mtaani amesema mbele ya watu kwamba yeye "atamnyoosha". Ninaogopa. (Mama, Lindi Mjini)

JIBU: Pole sana, mama yangu. Hofu yako ina msingi, na sitakuambia upuuze. Maneno ya majirani yanaudhi, lakini hilo la kumnyoosha ni tishio la kubaka, na lazima lichukuliwe hivyo leo hii, kabla hujashughulika na jingine lolote.

Nakutajia Eudy Simelane, kiungo aliyeichezea Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini, aliyejulikana wazi mtaani kwao KwaThema kwamba anapenda wanawake. Aprili 2008 alishambuliwa na kuuawa na vijana wa eneo hilo. Katiba ya nchi yake ya mwaka 1996 inakataza ubaguzi wa aina hiyo, na kuanzia mwaka 2006 sheria yao inaruhusu hata ndoa za jinsia moja, lakini karatasi hizo hazikumfikisha nyumbani salama usiku ule. Sikwambii haya kwa kudhani kwamba binti yako ni hivi au vile, maana hujaniuliza na halinihusu. Ninakwambia kwa sababu waliomdhuru Eudy walikuwa watu wa mtaani kwao, kama huyo kijana wa kwenu.

Nenda kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, utoe taarifa kwa jina la aliyesema na majina ya waliosikia. Mwone pia mwenyekiti wa mtaa, ili tishio lisibaki siri kati yako na kijana huyo. Mwalimu wa michezo umwombe mazoezi yaishe jua likiwa bado juu, na binti asirudi peke yake. Wachezaji wenzake wanaokaa njia hiyo watembee pamoja.

Baba mdogo umkalishe chini kwa heshima yake yote. Mwambie kwamba mtoto akiachishwa mpira leo, aliyetoa tishio atakuwa ameshinda, na kesho atatoa jingine juu ya nguo zake au juu ya shule. Mwombe yeye, akiwa mwanaume wa ukoo, aende kwa wazazi wa kijana huyo kulizungumza. Ninadhani shemeji yako anaogopa kama unavyoogopa wewe, na kazi hiyo atakuwa tayari kuifanya.