Plastiki ya kuua bakteria kwa mwanga: je, taa za ndani zinatosha?
Hazitoshi, kama mpako ni wa titaniamu dioksaidi ya kawaida (unga mweupe wa madini). Hiyo huamshwa na miale ya urujuanimno, mwanga wa chini ya nanomita 390 hivi, na taa za LED za nyumbani karibu hazina miale hiyo. Juani ndipo inapofanya kazi: oksijeni na unyevu wa hewani hugeuka chembe kali zinazochana ukuta wa bakteria. Chembe hizohizo huila hata plastiki yenyewe, kwa hiyo mara nyingi huwekwa tabaka la silika (madini ya mchanga na kioo) katikati.

Ila ipo inayotumia mwanga wa ndani. Mwaka 2014 watafiti wa University College London walionyesha mpira wa silikoni uliotiwa rangi mbili, methilini bluu na kristali vayoleti, pamoja na chembe ndogo mno za dhahabu. Uliua bakteria chini ya taa nyeupe za kawaida, na hata gizani, ingawa polepole zaidi.

Muhimu: vumbi au mafuta ya vidole yakifunika uso wa plastiki, mwanga haufiki. Kufuta kwa sabuni kuko palepale.